Fundi Yuko Mwaloni, Mashine Iko Würzburg

Ndugu zangu wa Kirumba, Mwanza,

Huku baridi imekaza na watoto wanagoma kuvaa kofia.

Nianze kwa kukanusha. Nimesikia shangazi ametangaza kwenye kikao cha harusi kwamba nimenunua mashine mpya ya kufulia, ya mamilioni, na kwamba mtu mwenye uwezo huo hana sababu ya kuchangia laki moja. Sijanunua kitu. Mashine niliyonayo ni ile ile mliyoiona kwenye picha ya Krismasi, nyuma ya watoto, yenye stika za mpira mlangoni. Niliachiwa na bibi mmoja wa Kijerumani alipohamia nyumba ya wazee, naye aliinunua miaka ya 90, wakati mimi nasoma shule ya msingi hapo Kirumba na sijui hata kama kuna mashine ya kufua. Imetengenezwa, basi. Na aliyeitengeneza mnapishana naye kila asubuhi akiteremka Mwaloni na begi lake la spana. Ni mjomba. Nimeona niandike yote mwenyewe, maana kila anayesimuliwa anatia chumvi, na nasikia simulizi iliyofika Pasiansi inasema mashine ililipuka ikavunja dirisha.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Unaweka nguo, unatia sabuni, unabonyeza. Mashine inajaza maji vizuri, taa zinawaka, inanguruma kidogo, kisha kimya. Pipa halizunguki. Mlango umejifunga na hautaki kufunguka kwa sababu ndani kuna maji, nawe umebaki unachungulia kioo na kuzitazama soksi zako zikielea. Siku nyingine inakubali, inafua mpaka mwisho bila kinyongo. Siku ya pili yake inagoma tena.

Mama, najua ulichosema. Ulisema, "Umefika Ulaya ndipo umesahau kufua kwa mkono?" Sijasahau, na nilifua. Nilipiga magoti pembeni ya bafu nikafua jinzi za wajukuu zako wawili wanaocheza mpira kwenye matope, nikazikamua mpaka viganja vikawaka. Kufua si tatizo, tatizo ni kuanika. Huko unatupa nguo kwenye kamba saa tatu, saa saba unaanua. Huku wakati wa baridi ukianika nje zinakauka zikiwa zimeganda, shati linasimama lenyewe. Ukianika ndani, mkataba wa nyumba unakukataza kuujaza ukuta unyevu, kwa sababu ya ukungu. Mjerumani akiambiwa kuna mwizi ghorofani atauliza yuko wapi, akiambiwa kuna ukungu atatafuta wakili. Kwa hiyo unaanika ndani halafu unafungua madirisha unyevu utoke, nje nyuzijoto sifuri, na mnakaa sebuleni na makoti mkisubiri suruali ikauke. Inakauka siku ya tatu, ikiwa na harufu ya kitambaa cha kufutia meza kwa mama ntilie.

Nikamwita fundi wa hapa. Kumpata fundi huku ni kuomba miadi, na miadi yenyewe ilikuwa ya wiki kadhaa mbele, "kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana," kwa hiyo nikaomba ruhusa kazini nikakaa nyumbani nikimsubiri. Alifika saa nane kasoro. Kijana msafi, mpole, begi la vifaa ambalo mjomba angelilia machozi. Hakulifungua. Hakuvua hata jaketi. Alisoma kibati cha namba nyuma ya mlango, akaiwasha mashine, akaisikiliza ikinguruma, akaniambia kwa upole kwamba kwa umri huu haina faida kuitengeneza, ninunue mpya. Kisha akatoa kijimashine cha kadi. Euro 89, ya kufika.

Nikakumbuka nipo mji gani. Hapa Würzburg, mwaka 1895, ndipo Wilhelm Röntgen alipogundua eksirei. Binadamu wote duniani wanachunguliwa mifupa kwa sababu ya mji huu, lakini mashine yangu hakuna aliyekubali kuichungulia tumboni.

Msimlaumu sana kijana wa watu. Nilipiga hesabu baadaye nikamwelewa. Saa yake moja ya kazi, ukijumlisha kodi, bima, gari na mafuta, inakaribia robo ya bei ya mashine mpya ya kawaida. Akitumia saa mbili, akaweka na kipuri, kisha mwezi unaofuata kikaharibika kitu kingine, mimi nitampigia yeye simu kulalamika. Afadhali aseme "haina faida" aende zake. Huku vipuri ni rahisi na mkono wa mtu ni ghali. Kwetu ni kinyume: mkono upo, tena unakusubiri chini ya mwembe, ila kipuri utakitafuta mpaka Kariakoo. Ndiyo maana fundi wa kwetu hukesha akikifufua kile kilichopo, na fundi wa huku anakitupa chote.

Wenyewe wameliona jambo hilo, wala si wajinga. Tangu Machi 2021 sheria ya Umoja wa Ulaya inawataka watengenezaji wa mashine za kufulia wawe na vipuri kwa angalau miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya aina hiyo kuingia sokoni, na wavifikishe ndani ya siku 15 za kazi. Mwaka 2024 wakatunga na nyingine, ya haki ya mteja kutengenezewa. Sheria nzuri, lakini mashine yangu ni bibi kizee, imezitangulia zote mbili. Rafiki yangu mmoja akanishauri niipeleke kwenye ile mikutano ya kujitolea ambapo watu hukaa pamoja na kutengeneza vitu bure. Ilianzishwa Amsterdam mwaka 2009 na mwandishi wa habari, Martine Postma, na sasa imeenea nchi nyingi. Redio unaibeba kwapani ukaenda nayo. Mashine ya kilo 70, ghorofa ya tatu, nyumba haina lifti, aibebe nani?

Hapo ndipo nikampigia mjomba.

Ilikuwa Jumapili, huku saa saba mchana, huko saa tisa. Alikuwa Mwaloni, amekaa juu ya ndoo ya rangi, injini ya boti iko wazi mbele yake. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakuuliza ni ya kampuni gani wala ya mwaka gani. Akasema, "Iwashe nisikie." Nikaiwasha, nikaisogeza simu karibu na sakafu. Mashine ikanguruma. Upande wa pili nikasikia mjomba anawafukuza watu: "Nyamazeni jamani, kuna mgonjwa." Nikasikia pia dagaa wakimwagwa kwenye turubai. Kisha akasema, "Izime, uzungushe pipa kwa mkono." Nikajaribu, mlango umefungwa. "Mlango umefungwa, mjomba." "Basi toa maji kwanza. Chini kulia kuna kijimlango."

Nina miaka na mashine ile na sikujua kama chini kulia kuna kijimlango. Kipo. Ndani yake kuna chujio la kuzungusha, na ukilizungusha yanatoka maji yote ya duniani. Mjomba alinionya niweke chombo kifupi, nikaweka trei ya kuokea keki, ikajaa, nikamwaga, ikajaa tena. Kwenye chujio nilikuta sarafu za senti, pini ya nywele, kifungo cha koti, risiti iliyogeuka uji, na sarafu ya shilingi 200 ya Tanzania. Imesafiri na nguo ya nani sijui. Niliiosha nikaiweka dirishani.

Mlango ukafunguka, nikalisukuma pipa kwa kidole, nikafunga mlango nikaiwasha tena likiwa tupu. Likazunguka kidogo, likasita, likazunguka. Mjomba akacheka. "Kaboni," akasema. "Kaboni zimeisha."

Nikamuuliza amejuaje bila kuiona. Akanipa maelezo ambayo hakuna aliyenipa katika nchi hii. Mota za zamani za mashine za kufulia zina vipande viwili vya kaboni vinavyobanwa na springi kugusa shaba ya katikati inayozunguka. Umeme unapita hapo. Kila ikizunguka, kaboni inasagika kidogo kidogo. Ikibaki fupi, springi inashindwa kuisukuma, inagusa leo, kesho haigusi. Ndiyo maana inagoma na kukubali kama inavyotaka. Mashine za siku hizi nyingi mota zake hazina kaboni, akasema, "na hizo zikifa ni bodi, na bodi ni bei."

Na amezijulia wapi hizi za Kijerumani? Hapo hapo Mwanza. Zile friji na mashine zinazoingia na makontena, za mtumba, zilizoitwa "hazina faida" kwenye majiko kama langu. Umeme wao na wetu ni ule ule, volti 230, hazihitaji kubadilishwa chochote isipokuwa plagi, maana yao ina pini mbili za mviringo na yetu ina tatu za bapa. Mjomba anakata plagi, anafunga nyingine, na kama mota imelala anabadilisha kaboni. Ameshafanya hivyo kwa mahoteli na kwa madobi. Kwa maneno mengine, yote aliyosema kijana wa euro 89 kwamba hayalipi, mjomba ameyafanyia kazi akasomeshea watoto.

Sasa akataka kuona kwa macho. Nikawasha video. Akaniambia nitoe mfuniko wa juu: skrubu mbili nyuma, uusukume, uuinue. Nikainua. Ndipo uwanja mzima wa Mwaloni ukaingia kwenye simu yangu, maana mjomba aliishika simu kwa mbali ili aone vizuri, na kila anayepita alisimama. Niliona kofia ya bodaboda, nikamwona mama wa maandazi na beseni lake, niliona vichwa vya wabeba dagaa vimepangana. Wote wanatazama ndani ya mashine ya bibi wa Kijerumani.

Na ndani, juu ya pipa, kulikuwa na zege.

Siwatanii. Bonge la zege la kijivu, zito, limefungwa kwa nati. Kimya kidogo kikapita, kisha mmoja akasema, "Dada, wamekuuzia mashine au nguzo ya nyumba?" Vicheko. Mwingine akasema, "Hawa Wajerumani walikuja wakatuachia jiwe la Bismarck, huyu wamempa zege." Mjomba akamkata, "Jiwe lilikuwa letu toka zamani, wao waliacha jina tu." Mzee mmoja akashauri nilitoe hilo zege, ndilo linaloizuia kuzunguka. Yule mama wa maandazi akasema niipige kofi upande wa kushoto, redio yake inapona hivyo. Mjomba akawaelewesha wote kwamba zege ni lazima, kwamba pipa likizunguka kwa kasi na nguo zimekusanyika upande mmoja, bila uzito ule mashine ingetoka jikoni kwa miguu yake. Wakakubali. Yule mzee hakukubali. Mpaka simu inakatika alikuwa bado anasema nilitoe.

Kazi iliyobaki ilikuwa kufungua mgongo wa mashine, kuvua mkanda, na kushusha mota. Mota imeshikwa na boliti mbili ndefu, spana namba 13. Spana nilikuwa nayo. Boliti zilikuwa zimeshika kutu kwa miaka yote hiyo. "Tia dizeli uiache kidogo," akasema mjomba. Nikamkumbusha nipo ghorofa ya tatu. "Basi gonga spana kwa nyundo, pole pole, italegea."

Nikagonga. Mara moja tu, ndugu zangu, pigo moja. Kengele ya mlango ikalia.

Alikuwa mama wa ghorofa ya chini. Hakupiga kelele, huku hawapigi kelele. Alinisalimia, akaniuliza hali ya watoto, kisha akanikumbusha kwamba leo ni Jumapili. Mwaloni nzima ikasikia, maana simu ilikuwa sakafuni. Nikalazimika kuwaeleza watu wa Mwanza, kwenye video, kwamba katika nchi hii Jumapili ni siku ya utulivu na imelindwa na katiba yenyewe, kwa kifungu kilichotoka kwenye katiba ya mwaka 1919, na kwamba kanuni za nyumba zimebandikwa ngazini: usigonge, usitoboe, usivuruge. Yule wa bodaboda akauliza, "Hata msumari?" Hata msumari. Wakanionea huruma wote. Mama wa maandazi alisema huko kweli ni utumwani.

Tukapanga siku nyingine. Na hapo, wanaomjua mjomba mnajua, ndipo shida halisi ilipoanza. Jumatatu mpaka Ijumaa mimi niko kazini. Jumapili haigongwi. Jumamosi nina nafasi, na Ujerumani nzima Jumamosi ni milio ya mashine za kutobolea ukuta. Lakini mjomba ni Msabato. Tangu Ijumaa jua likizama hashiki spana, hajadili spana, na ukimpigia kumuuliza habari ya spana anakujibu kwa wimbo. Mimi na mjomba wangu tuna siku saba kwenye wiki na hatukupata hata moja inayotufaa sote.

Aliyetuamua ni mama. Aliwaza dakika moja akasema: jua likizama Mwanza siku ya Jumamosi, Sabato imekwisha, huku kwetu ni kama saa moja kasoro ya jioni, kwao ni saa kumi na moja kasoro. Wajerumani wanaanza kunyamaza saa nne ya usiku. Katikati hapo kuna nafasi. Mama hajawahi kufika Ulaya, lakini ningempa yeye apange ratiba za treni za huku, zingefika kwa wakati.

Basi Jumamosi, jua lilipozama Ziwa Victoria, simu ikaita. Huko umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo mjomba alikuwa amejimulikia kwa tochi ya kichwani, ile ya wavuvi, na kila akitikisa kichwa naona paa, kisha ukuta, kisha shangazi anakula. Akaniuliza, "Umechomoa waya?" Nimechomoa. "Nionyeshe." Nikamwonyesha plagi ikining'inia. Nilipovua mkanda akauliza tena, nilipogusa mota akauliza tena. Alinionyesha kovu la kidole gumba, akasema, "Aliyenipa hili naye aliniambia kachomoa."

Boliti zilikubali kwa pigo la nne, mchana kweupe kisheria. Mota ikashuka, nzito, nyeusi, imejaa vumbi la kaboni mpaka kwenye kucha. Nikachomoa kaboni ya kwanza. Ikiwa mpya ina urefu wa sentimita tatu na ushee. Hii ilikuwa imebaki kama punje ya hindi. Ya pili ilikuwa fupi zaidi, na waya wake umeanza kuungua. Nikaisogeza mbele ya kamera. Mjomba akasema, "Unaona?" akarudi kula. Hakuhitaji kusema zaidi.

Ushauri wake ulikuwa niende duka la vifaa vya ujenzi, ninunue kaboni za grenda, nizisugue kwa msasa mpaka ziingie. Nikaenda. Muuzaji akaniuliza namba ya grenda. Nikamwambia si ya grenda, ni ya mashine ya kufulia. Akaniuliza namba ya mashine ya kufulia. Nikampa. Akasema yeye anauza za grenda tu. Nikasema ndiyo, nataka za grenda, nitazisugua. Akanitazama kwa muda kisha akamwita mwenzake, na mwenzake akaniuliza namba ya grenda. Nikaondoka nikaagiza kwenye intaneti, zilizoandikwa kabisa kuwa ni za mashine yangu, euro 12 jozi moja, na posta ikazileta mpaka mlangoni.

Mjomba alinuna kidogo aliposikia nimenunua za dukani. Furaha yake ilirudi Jumamosi iliyofuata. Kaboni mpya hazikuingia. Tundu lina upana wa milimita 12.5, zenyewe zina 13.5. Nikapima, nikapima tena, nikampigia. Sijawahi kumwona mjomba wangu akifurahi namna ile tangu timu ya Pamba ipande daraja. "Msasa!" akasema. "Si nilikwambia msasa?" Nikakaa sakafuni, nimetandaza gazeti, nikazisugua kaboni za Kijerumani kwa msasa kwa maelekezo ya Kirumba. Unasugua kidogo, unajaribu, unasugua. Kila upande sawa, isilale, isikwame. Iteleze yenyewe ukiiachia. Vumbi jeusi liliruka mpaka kwenye sukari. Na ule mteremko wa kichwani, mjomba akasisitiza, ulale kufuata duara la shaba, ukigeuza itatoa cheche.

Akiwa ananisubiri, akaniambia nimmulikie chini ya pipa aone kifaa cha kuchemshia maji. Kilikuwa cheupe, kimevimba, kimevishwa mwamba. Maji ya mji huu yana chokaa nyingi, vilima vyote vya mizabibu vinavyotuzunguka ni mawe ya chokaa yenye magamba ya kale, na maji yanapita humo kabla ya kufika bombani. Mjomba amezoea maji ya Ziwa, laini, yanayotoa povu kwa sabuni kidogo. Alitikisa kichwa. "Mnakunywa hayo?" Tunakunywa. Akasema nichemshe mashine tupu kwa unga wa limau mara moja moja. Wajerumani nao wanasema hivyo hivyo, ila wao huyeyusha unga huo kwenye maji ya baridi, na bado wanabishana kwenye magazeti kuhusu siki. Sikuuingilia ugomvi wao.

Tukafunga kila kitu. Skrubu moja ilibaki mkononi. Nikamwonyesha. Akasema skrubu moja huwa inabaki, niiweke pembeni ya ile shilingi 200.

Nikachomeka waya, nikabonyeza. Maji yakaingia, ikanguruma, na pipa likaanza kuzunguka, kwanza na cheche ndogo za buluu kule nyuma ambazo mjomba alisema ni kaboni zinajilaza, kisha bila cheche. Kirumba nikasikia vigelegele vya shangazi, huku wanangu wakacheza mbele ya mashine mpaka ikamaliza kukamua. Mlio wake wa kukamua si wa kuaminika sana. Mjomba alifumba macho akausikiliza, akasema hiyo ni beringi, uwezekano mkubwa ni 6205 au 6206, na kwamba itavuma hivyo hivyo muda mrefu kabla haijafa. Namba hizo, akasema, ni hizo hizo dunia nzima: kwenye pampu ya maji Nyakato, kwenye mashine ya Würzburg, ukisema 6205 muuzaji anatoa mkono bila kukuuliza grenda yako ni namba ngapi.

Nikamuuliza bei yake. Akasema nimtumie ya soda. Nami nikakumbuka yule aliyekuja bila kuvua jaketi, nikamtumia mjomba euro 89 zile zile, ambazo kwa shilingi zinazidi laki mbili. Alinipigia akidhani nimekosea tarakimu. Sikukosea. Aliyesikiliza mota kwa simu katikati ya dagaa akaitambua, hastahili pungufu ya aliyesikiliza akiwa amesimama mbele yake. Shangazi, nasikia fedha hizo umeshaziandika kwenye daftari la harusi kama mchango wangu. Zifute. Ni malipo ya fundi. Mchango wangu utakuja mwisho wa mwezi, nao si wa mamilioni.

Kuna jambo moja zaidi linalohitaji ushirikiano wenu. Habari imesambaa. Mama wa ghorofa ya chini alikuja kuuliza kwa nini Jumamosi usiku kulikuwa na vigelegele, nikamweleza, na kesho yake akapanda na mashine yake ya kahawa akiuliza kama "Herr Mjomba" ana nafasi. Watanzania wa Nürnberg wameomba namba. Mmoja wa Ubelgiji ana friji. Miji ya Würzburg na Mwanza ina undugu rasmi tangu mwaka 1966, na kwa jinsi ninavyowaona majirani zangu wanavyoshika vyombo vibovu mikononi, naona sasa wanataka kuutumia.

Kwa hiyo simu ya mjomba ikiita na namba inaanza na +49, asiyekuwa mjomba asipokee akasema yupo. Mwambieni anayepiga atume kwanza hela ya kuangalia, halafu apige tena. Ya soda haitoshi. Na Jumamosi asipige kabisa kabla jua halijazama.

Wenu,
wa Würzburg